Toleo la Majaribio na Uthabiti wa Programu za Kompyuta: Historia Yake na Funzo kwa Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwaka 1989 Donald Knuth, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alichapisha makala isiyo ya kawaida. Badala ya kueleza mafanikio ya TeX, programu aliyoitunga kwa ajili ya kupanga kurasa za vitabu, alieleza makosa yaliyokuwa ndani yake. Kwa muda wa miaka kumi alikuwa akiandika katika daftari kila badiliko alilofanya katika programu hiyo. Daftari hilo, ambalo lilichapishwa kama kiambatisho cha makala, lilikuwa na vipengele zaidi ya 850. Aidha, Knuth aliyagawa mabadiliko hayo katika makundi 15, kuanzia makosa madogo ya uchapaji hadi yale yaliyotokana na mazingira ambayo mtunzi mwenyewe hakuwahi kuyafikiria.

Ni nadra mtaalamu wa fani yoyote kuanika udhaifu wake kwa kiasi hicho. Hata hivyo, TeX ni miongoni mwa programu zinazotajwa mara nyingi kuwa thabiti kupita kiasi cha kawaida, na hadi leo vitabu na majarida mengi ya hisabati huchapishwa kwa kuitumia. Mambo hayo mawili, yaani wingi wa makosa yaliyokiriwa na uthabiti uliopatikana, yana uhusiano wa karibu. Uhusiano huo ndio kiini cha desturi inayoitwa toleo la majaribio, au toleo beta.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya desturi hiyo tangu ilipokuwa hatua ya ndani ya viwanda hadi ilipofika mikononi mwa umma. Hoja inayojengwa ni kwamba kutoa kitu kabla hakijakamilika hakuleti uthabiti peke yake. Uthabiti hupatikana pale ambapo mtumiaji ana njia ya kurudisha alichokiona, mtunzi ana wajibu wa kukisikiliza, na pande zote zinajua ni lini mabadiliko yatakoma. Mwishoni hoja hiyo inahusishwa na istilahi za Kiswahili, ambazo kwa muda mrefu zimekuwa zikitolewa bila ya nusu ya pili ya kazi hiyo.

2.0 Dhana na Majina

Alfa na beta ni herufi mbili za kwanza za alfabeti ya Kigiriki. Matumizi yake katika uwanja wa kompyuta kwa kawaida huhusishwa na kampuni ya IBM, ambayo katikati ya karne ya 20 iligawa ukaguzi wa bidhaa zake katika hatua zilizopewa herufi A na B. Hatua ya kwanza ilifanyika kabla bidhaa haijatangazwa, na ya pili kabla haijaanza kutengenezwa kwa wingi. Baadaye herufi hizo zilipata majina ya Kigiriki, na maana zake zikabadilika kidogo. Jaribio la alfa likawa lile linalofanywa na watu wa ndani, ilhali jaribio la beta likawa lile linalofanywa na watu wa nje katika mazingira yao wenyewe ya kazi.

Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo msingi wa dhana nzima. Waswahili husema nyani haoni kundule. Mtunzi wa programu anajua programu yake inapaswa kutumiwa vipi. Kwa hiyo, hata anapoijaribu, huitumia kwa njia hiyo hiyo. Mgeni huja na desturi zake. Hubonyeza pasipotarajiwa, hufungua mafaili mia moja kwa wakati mmoja, huandika jina lake kwa herufi ambazo mtunzi hakuzikumbuka, na hutumia mashine ya zamani ambayo maabara ilikwisha kuitupa. Hafanyi hayo kwa ukorofi. Hivyo ndivyo anavyoishi na kufanya kazi.

Katika Kiswahili neno toleo linatokana na mzizi -toa, na hivyo linabeba wazo la kitu kilichoachwa kitoke mkononi mwa mwenyewe. Neno thabiti, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kitu kilichosimama imara, kisichoyumba. Maneno haya mawili yanafaa kutazamwa pamoja. Fundi wa jahazi huziba nyufa zote anazoziona chombo kikiwa nchi kavu, lakini hajui kama kazi yake imesimama mpaka chombo kishushwe majini. Maji huingia mahali ambapo jicho halikuingia. Vivyo hivyo, programu thabiti ni ile iliyokwisha kukutana na mizigo na mazingira mbalimbali bila kuanguka, na haiwezi kukutana nayo ikiwa ingali mezani kwa mtunzi.

3.0 TeX: Jaribio la Mtu Mmoja na Watu Wengi

Knuth alianza kufikiria TeX mwaka 1977, alipoletewa kurasa za majaribio za chapa mpya ya juzuu la pili la kitabu chake kikuu juu ya taaluma ya kuandika programu. Teknolojia ya uchapaji ilikuwa imebadilika, na ubora wa kurasa haukumridhisha. Aliamua kutunga programu yake mwenyewe, akitarajia kwamba watumiaji wangekuwa wawili tu: yeye na katibu wake.

Matarajio hayo hayakudumu. Baada ya toleo la kwanza kuanza kufanya kazi mwaka 1978, watu wengine waliliomba, kwanza pale chuoni na kisha katika vyuo na taasisi nyingine. Kufikia mwaka 1980 kulikuwa na chama cha watumiaji wa TeX. Kila kundi jipya la watumiaji lilileta aina mpya ya makosa. Mhariri wa jarida la hisabati alihitaji jambo ambalo mwandishi wa kitabu hakulihitaji, na mwenye mashine ya aina nyingine aligundua kwamba programu ilitegemea tabia za mashine ya Stanford. Kutokana na mafunzo hayo, Knuth aliiandika TeX upya kabisa. Toleo hilo la pili, la mwaka 1982, ndilo lililo msingi wa TeX inayotumiwa leo.

Mambo matatu katika mwenendo wa Knuth yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtunzi, mtumiaji wa kwanza na mwandishi wa kitabu cha maelekezo. Katika makala ya 1989 alisisitiza kwamba kama angewakabidhi wengine kazi ya kuandika programu na kubaki na kazi ya kubuni tu, asingeyaona matatizo mengi ya ubunifu wake. Kueleza kitu kwa maandishi humlazimisha mtunzi aone pale ambapo maelezo hayaelezeki, na mara nyingi hapo ndipo penye kosa.

Jambo la pili ni njia ya kurudisha habari. Knuth aliahidi kumlipa fedha kila mtu wa kwanza kugundua kosa katika programu. Kiwango cha zawadi hiyo kiliongezwa maradufu kwa vipindi hadi kufikia dola 327.68. Fedha hizo zilikuwa kidogo zikilinganishwa na muda wa wataalamu walioyatafuta makosa, na wengi waliopata hundi zenye saini yake walizihifadhi kama kumbukumbu badala ya kwenda nazo benki. Maana ya zawadi ilikuwa nyingine. Ilimwambia mtumiaji kwamba taarifa yake itasomwa, itapimwa, na ikiwa ni kweli itakubaliwa hadharani.

Jambo la tatu ni kujua mwisho. Mwaka 1989, katika mkutano wa watumiaji uliofanyika Stanford, watumiaji kutoka Ulaya walitoa hoja iliyohusu lugha. TeX ilikuwa imejengwa kwa mfumo wa herufi na alama 128, ambao ulimtosha mwandishi wa Kiingereza. Mwandishi wa Kijerumani au Kifaransa hakutoshelezwa nao, kwa kuwa lugha hizo zina herufi zenye alama za ziada na kanuni zake za kukata maneno mwishoni mwa mstari. Knuth aliikubali hoja hiyo. Toleo la 3, lililotoka mwaka 1990, liliruhusu herufi na alama 256, na likaweza kushughulikia kanuni za kukata maneno za lugha zaidi ya moja ndani ya aya hiyo hiyo. Baada ya hapo alitangaza kwamba hataongeza jambo jipya. Kitakachofanyika ni kusahihisha makosa tu. Tangu wakati huo kila sahihisho huongeza tarakimu moja katika namba ya toleo, ambayo inazidi kukaribia thamani ya pai. Toleo la mwaka 2021 lina namba 3.141592653.

Kwa mwanaisimu, tukio la 1989 lina uzito wa pekee. Kasoro iliyorekebishwa haikuwa kasoro machoni pa mtunzi wala pa watumiaji wake wa kwanza. Kwa mtu anayeandika Kiingereza, programu ilikuwa kamili. Ilihitaji watu wa lugha nyingine kuitumia, kukwama, na kisha kusema kwamba wamekwama.

4.0 Jaribio Lafika kwa Umma

Katika miaka ya 1990 desturi iliyokuwa ya wataalamu ilifika kwa watu wa kawaida. Sababu kubwa ilikuwa ni kuenea kwa kompyuta za nyumbani na baadaye intaneti. Kampuni ya Netscape ilitoa kivinjari chake cha kwanza kama toleo beta tarehe 13 Oktoba 1994, na mtu yeyote aliyekuwa na intaneti aliweza kukichukua. Toleo la 1.0 lilifuata Desemba mwaka huo huo. Muda kati ya kuonekana kwa kosa na kufika kwa taarifa zake kwa mtunzi ulipungua kutoka miezi hadi saa chache.

Kampuni ya Microsoft nayo, kabla ya kutoa Windows 95 tarehe 24 Agosti 1995, iliwapa watu wengi wa nje fursa ya kuijaribu, na baadhi yao walilipa ili kupata toleo hilo lisilokamilika. Hatua hiyo ilitokana na ulazima. Kompyuta za wakati huo zilikusanywa kwa vipuri vya makampuni mengi: kadi za sauti, kadi za picha, printa, modemu. Idadi ya michanganyiko iliyowezekana ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba hakuna maabara ambayo ingeweza kuinunua na kuipanga yote. Njia pekee ya kuifikia ilikuwa kuwafuata watu waliokuwa nayo majumbani na maofisini.

Mfano wa tatu ni Linux. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kazi yake mwezi Agosti 1991, na toleo la 0.01 likafuata Septemba. Kwa miaka miwili na nusu matoleo yalitoka mfululizo, yote yakiwa na namba iliyo chini ya moja, hadi toleo la 1.0 lilipotoka Machi 1994. Kisha ukaanzishwa utaratibu wa namba wenye mantiki nyepesi. Matoleo ambayo namba yake ya pili ni shufwa, kama vile 1.2, 2.0 na 2.4, yalikuwa ya kutumiwa na watu wote. Yale ambayo namba yake ya pili ni witiri, kama vile 1.3 na 2.5, yalikuwa ya majaribio. Mtumiaji alijua anachochagua kwa kuitazama namba tu. Utaratibu huo uliachwa baada ya toleo la 2.6 kutoka mwishoni mwa 2003. Badala yake, kila mzunguko wa Linux huwa na kipindi cha takribani wiki mbili cha kupokea mambo mapya. Baada ya hapo mlango hufungwa, na hutolewa matoleo ya mtihani kila wiki, kwa kawaida saba au manane, ambayo hupokea masahihisho tu.

Kufungwa kwa mlango ni jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Kila sahihisho laweza kuzaa kosa jingine. Ikiwa programu inaendelea kuongezewa mambo huku ikijaribiwa, wajaribuji wanapima kitu ambacho kesho hakitakuwepo, na taarifa zao hupitwa na wakati kabla hazijasomwa. Kwa hiyo, jaribio lenye manufaa lina sehemu mbili ambazo kwa juu juu zinapingana: uwazi wa kupokea taarifa kutoka kwa kila mtu, na ukali wa kukataa mabadiliko ambayo hayakulengwa kuondoa kosa.

5.0 Pale Jaribio Linaposhindwa

Historia ya desturi hii ina pia upande wa pili. Huduma ya barua pepe ya Gmail ilianzishwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na jina la beta, na ilibaki na jina hilo hadi tarehe 7 Julai 2009. Kwa zaidi ya miaka mitano mamilioni ya watu waliendesha mawasiliano yao ya kila siku kwa kitu ambacho rasmi kilikuwa cha majaribio. Neno lililoanza kama ahadi ya kukamilisha lilielekea kuwa udhuru wa kutokamilisha. Ikiwa kila kitu ni beta, mtumiaji hana tena njia ya kujua ni wakati gani aamini na ni wakati gani ahadhari.

Udhaifu wa aina nyingine ulijitokeza Oktoba 2018. Sasisho la Windows 10 lililoanza kusambazwa tarehe 2 mwezi huo lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji, na Microsoft ikalisimamisha baada ya siku chache. Kampuni ilikuwa na mpango mkubwa wa wajaribuji wa hiari tangu mwaka 2014, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kutoa taarifa ya kosa hilo hilo kabla ya usambazaji. Taarifa zao hazikuonekana. Mfumo wa kupokea maoni ulipandisha juu yale yaliyoungwa mkono na watu wengi, na kosa hili, kwa kuwa liliwapata wachache, lilibaki chini ya lundo. Baadaye Microsoft iliongeza katika mfumo huo sehemu ambamo mtoa taarifa anaweza kueleza ukubwa wa madhara. Sasisho lenyewe lilitolewa tena tarehe 13 Novemba 2018. Funzo lake ni kwamba idadi ya wanaolalamika na uzito wa lalamiko ni vipimo viwili tofauti.

Mfano wa tatu unaonyesha gharama ya kuiruka hatua yenyewe. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili dogo la taarifa mpya kwa mashine za wateja wake duniani kote kwa mkupuo mmoja. Sehemu moja ya programu ilitarajia vipengele 21, ilhali ile iliyopaswa kuvileta ilileta 20. Majaribio ya awali hayakuligundua pengo hilo kwa sababu kipengele cha 21 kilikuwa kimeachwa kikubali thamani yoyote. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft mashine zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka. Ndege zilibaki viwanjani, na hospitali na mabenki yalivurugikiwa. Taarifa za aina hiyo zilikuwa hazipelekwi kwanza kwa kundi dogo. Ziliendelea moja kwa moja hadi kwa kila mtu. Baada ya tukio hilo kampuni ilitangaza kwamba itazituma kwa awamu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa vyombo vinavyotumiwa na dunia nzima, ukuta huo hujengwa na watu wasiohusika na ufa.

6.0 Kiswahili kama Toleo

Historia hii inahusu taaluma za Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, usanifishaji wa lugha ni kazi ya kutoa matoleo. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilipewa jukumu la kusimamia tahajia, msamiati na vitabu vya shule katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa lugha ya kompyuta, Kamati ilikuwa na mamlaka ya kutangaza toleo rasmi. Ilichokikosa kwa miaka mingi ni wajaribuji: wasemaji Waafrika walianza kushiriki katika vikao vyake katika miaka ya 1940, wakati kamusi sanifu ya mwaka 1939 ilikuwa imekwisha kuchapishwa. Malalamiko ya baadaye ya wasemaji wa lahaja za kaskazini mwa pwani, ambao waliona maneno yao yameachwa nje, yanaweza kusomwa kama taarifa za makosa zilizofika baada ya mlango kufungwa.

Baada ya uhuru, kazi ya istilahi iliendelezwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, pamoja na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha nyingi za istilahi zilitolewa. Hatima ya istilahi hizo imeamuliwa na watumiaji kuliko orodha zenyewe. Kwa chombo kimoja tu yamependekezwa maneno kompyuta, tarakilishi na ngamizi. La kwanza limeenea katika mazungumzo ya kila siku. La pili limepata nafasi zaidi katika vitabu vya shule nchini Kenya. La tatu halikushika mizizi. Barua pepe nalo limeenea kuliko barua meme. Watumiaji walifanya jaribio bila ya kuombwa, na matokeo yake hayakukusanywa na mtu mahali pamoja.

Njia ya pili ni ya moja kwa moja zaidi, nayo ni tafsiri ya programu zenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya aina hiyo hukabiliana na makosa ambayo hayawezi kuonekana katika orodha ya maneno. Mfasiri hupewa sentensi moja moja, bila kuona zitakapotokea. Neno moja la Kiingereza laweza kuwa amri ya kufungua kitu, na pia sifa ya kitu kilicho wazi. Akiandika fungua pale panapohitaji wazi, orodha haitamsuta. Atakayesutwa ni mtumiaji mbele ya mashine.

Upatanisho wa kisarufi una mtego mkubwa zaidi. Programu nyingi huwa na kiolezo kimoja cha ujumbe, ambamo jina la kitu huingizwa baadaye. Kwa Kiingereza kiolezo kimoja cha kuarifu kwamba kitu kimefutwa huchukua nomino yoyote. Kwa Kiswahili, picha imefutwa, faili limefutwa, kitabu kimefutwa, na ujumbe umefutwa. Mfasiri akichagua imefutwa, atakuwa sahihi kwa ngeli moja na amekosea kwa nyingine. Saa nayo ina matatizo yake. Kompyuta inayoandika saa 7:00 asubuhi inamkanganya msomaji ambaye kwake wakati huo ni saa moja, na saa saba ni mchana. Makosa haya ni ya aina ile ile ambayo Knuth aliiweka katika kundi la mambo yasiyotarajiwa: kila kipande ni sahihi kikiwa peke yake, na kosa huzaliwa vinapokutana.

Upo leo utaratibu wa kimataifa unaoonyesha namna kazi hii inavyoweza kuendeshwa. Jumuiya ya Unicode husimamia hazina ya data za lugha ijulikanayo kwa kifupi kama CLDR, iliyoanza mwaka 2003. Ndani yake huhifadhiwa majina ya siku, miezi, nchi, sarafu na lugha, pamoja na namna ya kuandika tarehe na namba, na mifumo mikubwa ya simu na kompyuta huchota humo. Kiswahili kimo, kikiwa na maingizo ya Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kila pendekezo hupewa hadhi mojawapo kati ya nne, kuanzia lisilothibitishwa hadi lililoidhinishwa, kulingana na kura za wachangiaji. Kisha hazina nzima hutolewa kwa hatua ya alfa, ikafuatwa na beta, kabla ya toleo la mwisho. Kwa hiyo, jina la mwezi au la nchi ambalo Mswahili hulisoma katika simu yake limepitia toleo la majaribio, ajue asijue.

Tatizo la Kiswahili katika utaratibu kama huo haliko katika upungufu wa maneno. Liko katika kimya. Mtumiaji wa Kiingereza anapokutana na kosa hulalamika, kwa kuwa hana lugha nyingine ya kukimbilia. Mtumiaji wa Kiswahili aliyesoma, akikutana na neno gumu au sentensi iliyovunjika, mara nyingi hurudisha simu yake katika Kiingereza na kuendelea na kazi. Hajatoa taarifa yoyote. Kwa mtunzi aliye mbali, kuondoka kwake hakuna tofauti na kuridhika. Matokeo yake ni kwamba tafsiri mbaya hubaki, wanaoikimbia huongezeka, na idadi yao baadaye hutumiwa kama ushahidi kwamba Kiswahili hakihitajiwi katika kompyuta.

7.0 Hitimisho

Historia ya toleo la majaribio inabainisha masharti manne ya uthabiti. La kwanza ni kukiri mapema kwamba kazi haijakamilika, kama Knuth alivyofanya kwa daftari lake. La pili ni kuifikisha kwa watu wa mazingira mbalimbali kwa awamu, ili kosa liwapate wachache kabla ya wengi. La tatu ni kuwa na mahali panapojulikana pa kupeleka taarifa, na mtu mwenye wajibu wa kuzisoma kwa kupima uzito wa kila moja na si kuhesabu kura tu. La nne ni kufunga mlango kwa wakati, ili kilichopimwa ndicho kitakachotumiwa.

Taasisi za Kiswahili zimekuwa hodari katika kutoa, na orodha zake za istilahi ni ushahidi wa kazi kubwa. Sharti lililotimizwa kwa uchache ni la tatu. Istilahi mpya inaweza kuchapishwa ikiwa na hadhi ya majaribio kwa muda uliotajwa. Katika muda huo walimu, wanahabari, mafundi wa simu na wanafunzi wanaweza kuulizwa wanaitumiaje, ni wapi wanakwama, na ni neno gani wanalotumia badala yake. Baada ya hapo uamuzi hutolewa na kuheshimiwa kwa miaka kadhaa bila kuguswa. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa. Inahitaji daftari, anwani moja inayojulikana, na mtu anayejibu.

Kwa wanafunzi wa isimu, jukumu liko karibu zaidi. Kila mmoja wao ana simu yenye uwezo wa kuwekwa katika Kiswahili. Akiiweka, atakutana na makosa, na mengi kati yake atayatambua kwa jina: ngeli iliyokosewa, kitenzi kilichotiwa mahali pa kivumishi, saa iliyopinduliwa. Elimu aliyonayo ndiyo inayomwezesha kuandika taarifa ambayo mtunzi wa programu aliye mbali ataielewa na kuifanyia kazi. Watumiaji wa Ulaya waliokwenda Stanford mwaka 1989 hawakuwa na zaidi ya hayo: walikuwa na lugha zao, mifano iliyopangwa vizuri, na subira ya kueleza. TeX ilibadilishwa kwa ajili yao, na mabadiliko hayo yangali yakitumika.